Baba Yake Anderu

Mpaka leo, mashine ya kuchapisha ikianza kukohoa karatasi karibu nami, siwezi kukaa. Nasimama, natafuta kitu cha kushika. Wenzangu ofisini hudhani nina haraka ya kazi. Ninyi nitawaambia ukweli: nikiwa na miaka kumi na mmoja nilisema uongo kando ya mashine kama hiyo, na niliyemdanganya ni nyanya yangu.

Tulimwita Kogo, kama Wakipsigis wanavyowaita nyanya zao. Tuliishi upande wa Mogogosiek, kwenye shamba dogo la majani chai na ng'ombe wawili. Kogo alikuwa mweupe kutuzidi sote, na macho yake yalikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Baba yake alikuwa Mskoti, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, aliyerudi kwao kabla Kogo hajaota meno. Aliacha jina lake, Anderu, na Biblia ndogo iliyoandikwa ndani jina la kanisa alikobatizwa.

Kwetu mtu hutambulishwa kwa ukoo wa baba yake. Kogo alizeeka bila ukoo wa kutaja, na uzee ulipomwingia, utulivu ukamtoka. Angeacha ugali ukiungua, aende hadi kwenye ua, arudi, aulize lile lile: "Huyu baba yangu alikuwa mtoto wa nani?"

Mama yangu, aliyekuwa karani, akaliandikia kanisa lile barua pepe. Wiki zikapita kimya. Nyumba nzima ilikuwa ikingoja. Mimi nilitafuna kola ya sare yangu ya shule hadi ikachanika. Hatimaye mtunzaji wa vitabu vya zamani vya parokia ile akatuma picha za kurasa mbili. Mama alikuwa kwenye zamu siku hiyo na hakupata nafasi ya kuzifungua, kwa hiyo nikatumwa mimi nimpeleke Kogo saiba, kule kwenye duka la intaneti, nizichapishe na kumsomea, maana Kiingereza hakukijua.

Kurasa zikatoka zikiwa na joto. Mwandiko ulikuwa umelala kama nyasi baada ya mvua, lakini nilijitahidi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la Anderu, na la mama yake, Elspeth, mtumishi wa shambani. Mahali pa jina la baba palipigwa mstari tu. Ukurasa wa pili ulieleza kwamba Elspeth aliitwa mbele ya wazee wa kanisa, akaulizwa baba ya mtoto ni nani, akakataa kumtaja.

Kogo alikuwa amenishika bega. "Soma," akasema. "Babake Anderu ni nani?"

Nilimtazama. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha Jumapili, na ilikuwa Jumanne.

"Yohana," nikasema. "Alikuwa mkulima. Alifuga ng'ombe."

Akafumba macho. Njiani alilirudia jina hilo kwa sauti ya chini. Jioni Mama alipofika amechoka, Kogo ndiye aliyempa habari, na Mama hakuomba kuziona karatasi.

Tangu siku hiyo sikutulia. Kogo alitulia, na hilo ndilo lililonitesa. Kila sala ya jioni alimshukuru Mungu kwa ajili ya Yohana. Shangazi alipojifungua mtoto wa kiume, Kogo akasema aitwe Yohana, na ubatizo ukapangwa. Nililala vibaya, nikamwaga maziwa, nikapigwa shuleni kwa kutazama dirishani.

Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo, tulikuwa tukichuma majani chai. Nikaanza kulia nikiwa katikati ya mistari, nikamwambia yote.

Mikono yake haikusimama. Alichuma, akatupa kikapuni, akachuma tena.

"Huyo mama alikataa kusema?"

"Alikataa, Kogo."

"Mbele ya wazee wa kanisa?"

"Ndiyo."

"Sema tena jina lake."

"Elspeth."

"Elisipeti," akasema. Nilingoja anichape. Badala yake alinifuta pua kwa pembe ya leso. "Mtoto ataitwa Yohana tu. Yeye hajakosa kitu. Lakini usinisomee tena jambo ambalo halijaandikwa."

Jioni hiyo alimwombea Elisipeti, na hakumtaja mtu mwingine. Alikula akashiba, akalala. Niliamini nimemvunja moyo na kwamba alikuwa akinificha uchungu wake.

Kogo alipokwisha kuzikwa, miaka mingi baadaye, Mama alinieleza jambo ambalo halikuwahi kusemwa mbele yetu watoto. Mama yake Kogo naye aliwahi kuitwa na wazee wa kanisa lake, akaulizwa mtoto mweupe aliye mgongoni ni wa nani. Kila mtu pale alijua. Alisimama kimya, wakamnyima meza ya Bwana, na hakutamka neno. Kogo alikua akisikia watu wakisema kwamba mama yake alinyamaza kwa sababu ya aibu.

Mimi pia, pale saiba, nilidhani nasoma habari ya aibu, nikakimbilia kuifunika. Kumbe Kogo alikuwa amesikia habari ya mwanamke mwingine, wa nchi ya mbali, aliyesimama vile vile kama mama yake. Kwa mara ya kwanza alikuwa na jamaa upande wa baba yake ambaye yeye Kogo angeweza kumwelewa.