Vidato vya Mselem

Nyuma ya nyumba ya Mwatumu, pale Bweni, ng'ambo ya mto ukitokea Pangani mjini, palikuwa na mnazi ambao hakuna mkwezi aliyeruhusiwa kuupanda. Nazi zake zilijiangukia zenyewe, nyingine juu ya banda la kuku, na majirani walikwisha kuchoka kusema. Mnazi ule ulichongwa vidato na Mselem, mume wake, kwa panga lake mwenyewe, kidato cha mguu wa kulia na kidato cha mguu wa kushoto, mpaka kileleni. Lakini kilele cha mwaka arobaini na moja sicho kilele cha mwaka hamsini na sita. Mnazi ulikuwa umerefuka, na juu ya kidato cha mwisho cha Mselem palikuwa na kipande kitupu cha pima mbili na ushei.

Kile kipande Mwatumu alikitazama kila asubuhi alipofagia uwanja. Kazi ya kwanza ya Mselem akirudi ilikuwa hiyo, apande mpaka alipoishia, aendelee kuchonga.

Walikuwa na miaka miwili tu ya ndoa alipoandikishwa uaskari. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na kabuti la serikali lililompwaya mabegani, akamwambia kwa mzaha, "Bibi weye, usimpe mtu mnazi wangu." Wengine huagwa kwa machozi na ahadi kubwa kubwa. Mwatumu aliachiwa mzaha, akaushika kama kiapo.

Mwaka arobaini na nne tarishi wa Boma alivuka mto akaja kumwambia kwamba meli ya askari ilipigwa na adui huko baharini ikazama, na Mselem alikuwamo.

"Kazikwa wapi?" Mwatumu aliuliza.

"Hakuonekana, mama. Meli ilizama."

"Basi hakuonekana. Nitamngoja."

Alikwenda kumwuliza maalimu wa msikitini, naye akamwambia kuwa mwanamke ambaye habari ya mumewe haina shahidi hubaki ndani ya ndoa yake, wala hakai eda mpaka athibitishiwe. Mwatumu hakutaka neno zaidi ya hilo. Hakuvaa nguo nyeupe, hakujifungia ndani ile miezi minne na siku kumi, hakuruhusu hitima isomwe. Wanaume wawili walileta posa. Mmoja alikuwa na duka Usagara, huko Tanga mjini, na baiskeli mpya, na mashoga zake Mwatumu walimwona mwendawazimu kwa kumkataa. Wote wawili walipata jibu moja: "Miye mke wa mtu."

Basi kila baada ya miezi mitatu alijitanda kanga zake, akavuka kwa kivuko na kadi yake kwenda Boma kupokea posho ya mke wa askari. Karani alimwuliza, mume wako yuko wapi, naye alijibu, vitani, hajarudi. Karani aliandika. Vita vilikwisha, makarani walibadilika, wengine walioa wakazaa, na bado neno lilikuwa lilelile, na kalamu iliandika vilevile. Hakuna aliyeinua kichwa akauliza ni vita gani hivyo visivyokwisha.

Ndipo, mwaka ule wa hamsini na sita, akapatikana bwana mmoja mjanja huko bara aliyekuwa akila posho za wajane watatu waliokwisha kufa zamani. Amri ikashuka kutoka juu: kila kadi ichunguzwe, kila mdanganyifu akamatwe, kila senti iliyozidi irudi. Vizuri, mwizi ashikwe, nani atamtetea? Lakini serikali ilikuwa imelala fofofo miaka kumi na miwili, na ilipoamka ikamshika aliyekuwa karibu.

Mwatumu aliitwa Boma. Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, Mzungu kijana mwenye uso ulioungua jua, alikuwa na kadi yake mezani. Pembeni alisimama karani Eliudi, Mshambaa wa Lushoto, mtu wa kanisani, mgeni wa miezi miwili katika kazi ile.

"Mume wako alikufa mwaka arobaini na nne," Bwana Shauri alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. "Mjane hupata fedha kidogo. Wewe umepokea fedha ya mke. Umesema uongo kwa serikali."

"Sikusema uongo, bwana. Niliulizwa yuko wapi, nikasema hajarudi. Karudi?"

Bwana Shauri aligonga kadi kwa kidole. Alimwekea mambo mawili. Atie dole kwenye karatasi kwamba yeye ni mjane, na deni likatwe pole pole katika fedha ya ujane. Au akatae, apelekwe mahakamani kwa udanganyifu. Alimpa mpaka Jumatatu.

Siku zile nne Mwatumu alisuka makuti mpaka usiku wa manane. Fedha ilimwuma, usinielewe vibaya, kwa maana kusuka makuti hakumjazi mtu kibaba. Lakini fedha angeiacha. Lililomkata maini ni lile dole. Wanamwita mwongo, na dawa ya uongo wanayompa ni kusema neno ambalo moyo wake haujapata kulisema hata mara moja. Mselem akirudi ataambiwa nini? Kwamba mkewe alimwua kwa wino? Na asipotia dole, Mselem akirudi ataelekezwa jela ya Tanga akamwamkue mkewe dirishani. Alimtamani wakati ule kuliko siku zote, alitamani hata ile harufu yake ya jasho na makumbi ya nazi akishuka mtini, amwulize afanye nini.

Eliudi naye hakutulia. Maneno ya yule mama, "Karudi?", yalimganda. Siku ya Jumamosi, wenzake walipokwisha kwenda zao, aliingia stoo ya majalada akafukua mpaka akalipata jalada la zamani la Mselem, limekaa mbali kabisa na daftari la posho. Jumatatu alimpokea Mwatumu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kabla hujatia dole, kuna jambo nataka Bwana Shauri alisikie. Na wewe pia."

Mbele ya meza alifungua jalada. Palikuwa na barua ya kifo, na chini yake mkono wa karani wa zamani: *Mke ameambiwa. Asema atamngoja.* Eliudi alisema kwa upole kwamba mama huyu hakuficha kitu, Boma yenyewe iliandika, Boma yenyewe ikasahau. Bwana Shauri alisoma, masikio yakamwiva. Alichukua kalamu akalikata neno udanganyifu. Lakini deni, alisema, deni si lake kulisamehe.

"Kuna karatasi nyingine," Eliudi alisema, na sauti yake ikapungua. "Askari mmoja wa Muheza aliokolewa. Alitoa ushahidi, ukaandikwa, ukaletwa hapa mwaka arobaini na tano asomewe mke wa marehemu. Sioni alama yoyote kwamba ulisomwa."

"Nisomee," Mwatumu alisema.

Eliudi alisoma taratibu. Askari yule alisema kwamba meli ilipoanza kulala ubavu, watu walikanyagana wakilia. Yeye alimwona Mselem wa Pangani amesimama chini ya mlingoti. Alivua viatu vya jeshi akavipanga pamoja. Alitema mate viganjani, akajifuta mapajani, akataja jina la Mungu, akaanza kukwea. Wenzake walimwita aruke, naye alizidi kupanda kadiri meli ilivyozidi kushuka. Alifika mwisho wa mlingoti. Kisha mlingoti nao ukaingia majini, na hakuibuka mtu.

Mwatumu alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mate viganjani, mikono mapajani, bismillahi. Mara ngapi alisimama chini ya mnazi na kapu akiyatazama hayo matatu, na mara ngapi alimcheka kwa kupanga viatu vyake kama mtu aingiaye msikitini. Hakuna karani duniani ambaye angeyatunga. Yule alikuwa Mselem, na shahidi alikuwa amepatikana.

Alilia palepale mbele ya Mzungu, kilio cha miaka kumi na miwili, na hakuna aliyemnyamazisha. Alipokwisha alijifuta kwa upindo wa kanga.

"Karatasi hii mlikuwa nayo siku zote?"

"Ndiyo, mama," Eliudi alisema.

"Miye nilikuja hapa kila miezi mitatu. Nilikaa kwenye benchi lile pale nje." Alimgeukia Bwana Shauri. "Fedha yenu iliyozidi kateni, bwana. Na miaka yangu iliyozidi nitaidai kwa nani?"

Bwana Shauri alimsogezea kidau cha wino. Mwatumu akatia dole, akalifuta kwenye kipande cha gazeti alichopewa na Eliudi, akaondoka.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia kwa Mwinyijuma, mkwezi wa Bweni aliyekuwa amefukuzwa chini ya mnazi ule mara zisizohesabika, akamwambia achukue panga amfuate. Mwinyijuma alidhani ametumwa kuukata. Walipofika uwanjani, wanawake wa jirani walikuwa wamekwisha kusikia kwa watu wa kivuko na kujaa barazani, na mmoja alikuwa na shuka nyeupe za eda mkononi.

"Ngojeni kidogo," Mwatumu aliwaambia. "Nikiingia ndani sitoki miezi minne na siku kumi."

Alimwonyesha Mwinyijuma mnazi.

"Panda kwa vidato vyake, wala usivitanue. Ukifika alipoishia, uchonge vyako."

Alisimama chini na kapu, kichwa amekiinua, mpaka aliposikia panga likigonga pale juu palipokuwa patupu. Kisha akapokea nguo nyeupe akaingia ndani.