Bokayo, Mtoto wa Manyunyu

Juzi asubuhi baridi iliingia Isiolo, ile ya kumfanya mtu ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili na asitake kukiweka chini. Mjukuu wangu, mwalimu wa chekechea, alikuwa amekaa mlangoni na tumbo lake kubwa, ananisomea habari za hewa kwa simu. Mimi shule niliiona kwa dirisha tu, kwa hivyo nasomewa.

"Akko," akasema, maana sisi Waborana bibi tunamwita akko, "wanasema baridi hii ni dhaifu, inapita tu. Italeta manyunyu hapa mpaka Kulamawe na Kinna. Lakini Hagaya yenyewe, mvua ya mwezi wa kumi, itachelewa, na ikija itakuwa kidogo."

"Manyunyu," nikasema.

"Manyunyu tu. Sasa huyu akitoka leo tumwite nani?" Akacheka, akajipapasa tumbo. Mimi sikucheka.

Keti hapa rafiki yangu nikueleze kwa nini.

Zamani kwetu mtoto alibeba majira kwa jina lake. Msichana wa mvua ni Bokayo, mvulana wa mvua ni Roba. Aliyezaliwa kiangazi ni Bonaya, na aliyezaliwa watu wakihama ni Godana. Ukisikia watoto wakiitwa jioni warudi nyumbani, umesikia miaka yote ya manyatta, kijiji chetu, ikipita mbele yako. Majina yale ninayo yote kichwani, hata ya ng'ombe. Burre wa madoa, Magala wa kahawia, Gurracha mweusi ambaye hakukubali kukamwa na mtu mwingine ila mama.

Tulikaa upande wa Kulamawe. Nilikuwa msichana wa kuchota maji na kufukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto, na mpaka leo moshi ule ukinigusa pua nasikia njaa ya maziwa. Mwaka huo kiangazi kilikuwa kirefu. Baba na jirani yetu walikuwa wamekubaliana kuhama kwenda Korbesa, karibu na mto. Mama na mke wa jirani, wote wawili wajawazito, walikuwa wameshaanza kufungua mikeka ya nyumba, ngamia wamepigishwa magoti.

Ndipo baridi ikaja, kama hii ya juzi. Wingu likashuka chini, ardhi ikatoa harufu ile unayoijua, na manyunyu yakaanza kugonga ngozi zilizoanikwa. Asubuhi hiyo hiyo mama akajifungua msichana.

Akko wangu mimi, mama yake baba, alikuwa na desturi yake. Mvua ikinyesha alikuwa anazamisha kidole chake ardhini. Kidole kikitoka kimelowa chote, anasema, "Hii ni mvua." Kikitoka kikavu, anasema, "Haya ni mate ya wingu." Siku hiyo hakuinama. Alikuwa amezika watoto wengi wa ukoo kiangazi kile, na nadhani furaha ilimshika mkono. Alimwinua mtoto akasema, "Bokayo."

Basi buni, kahawa ya baraka, ikakaangwa kwa samli ya mwisho iliyokuwa nyumbani. Punje zikapasuka, pa, pa, tukazitafuna, tukajipaka samli usoni. Jirani akaja kumwita baba.

"Ngamia wako tayari. Twende."

"Nitaendaje?" baba akasema. "Nimwite mtoto Bokayo asubuhi, jioni nitoke kutafuta mvua kwa watu? Si nitakuwa nimeitukana mvua mlangoni kwangu?"

"Mimi naona wingu jembamba."

"Wewe umezoea kuona vitu vyembamba. Tazama miguu yako."

Wakacheka wote wawili. Jirani akaenda. Baba akabaki, mikeka ikarudishwa juu ya nyumba.

Kesho yake jua lilitoka likiwa safi kama sahani iliyooshwa. Halikuondoka tena.

Sitasema mengi. Kila asubuhi tulikuwa tunainua ng'ombe walioshindwa kusimama, mama anashika pembe, mimi mkia, na baba kifua chake chini ya tumbo la mnyama. Burre alisimama siku nyingi. Magala alikataa mapema. Gurracha alikufa kichwa chake kikiwa kwa mapaja ya mama. Akko alikaa mlangoni, hakumlaumu mtu na hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi.

Jirani alirudi mvua ya masika iliponyesha, ng'ombe wake wengi wazima, na mkewe amebeba mvulana, Godana.

Dada yangu alikua na jina lake. Kisimani wanawake walikuwa wanatazama juu, wanamtania, "Bokayo, salaam aleikum. Mvua yako umeisahau kwa shangazi?" Watu hawakuwa wabaya, walikuwa wanacheka tu. Lakini hata alipokuwa mke wa mtu, mwenye wajukuu, wingu likikusanyika alikuwa anaingia ndani, anafunga mlango, anaanza kuosha vyombo vilivyo safi. Tulimzika mwaka jana.

Jana mjukuu wangu alijifungua msichana. Manyunyu yalikuwa yanagonga mabati. Nilitoka nje nikainama, magoti yakilalamika, nikazamisha kidole ardhini. Kilitoka kikavu.

Nikarudi ndani. "Usimwite Bokayo," nikamwambia. "Haya ni mate ya wingu."

"Najua, akko. Si nilikusomea?" Alikuwa amechoka, amemlaza mtoto kifuani. "Simpi jina la mvua. Nampa jina la dada yako."

Nikavuta shuka, nikamfunika mtoto miguu.

Siku hizi ng'ombe hatuna, tuna mbuzi wachache nyuma ya nyumba. Vibuyu viko juu ya kabati, havifukizwi. Mikeka ya kuhamia imeliwa na mchwa, na watu wanauliza simu kama mvua itakuja.

Leo asubuhi jirani yetu wa hapa Isiolo aliingia kumsalimia mtoto. "Bokayo," akamwita, "Bokayo mdogo." Nikangoja. Hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyetazama juu kutafuta wingu.