Kiondo cha Susu na Wageni wa Taifa

Harufu ya katani mbichi hunirudisha Kalama hata leo, kwenye ua wa susu, mama yake mama yangu. Aliisokota juu ya paja hadi ngozi ikawaka, wala hakulalamika. Mwaka huo nchi yetu ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa marais wa kanda hii, na kikundi cha wanawake wa kijiji cha susu kikaombwa vyondo kumi vya kuwazawadia wageni. Kimoja alikisuka susu. Wee! Nilikitangaza shule nzima. Niliwaambia wenzangu wa darasa la nne wakae macho kwenye televisheni, watakiona mkononi mwa rais.

Siku ya kuvichukua alikuja afisa mmoja kijana, mpole, akawa anavipanga garini. Alipoinua cha susu, kilimlemea. Ndani mlikuwa na mbaazi, zimepepetwa na kuchaguliwa moja moja.

"Nyanya, hizi tutoe. Walinzi hawakubali chakula."

"Kiondo haitolewi tupu, mwanangu. Hiyo ni kumwambia mgeni alale njaa."

"Ni sheria, nyanya, si mimi."

"Basi iache."

"Susu, tafadhali, mwaga tu!" nikadakia. Akakibeba kiondo chake akakirudisha ndani. Gari likaondoka na vyondo tisa. Nililia kwa aibu, nikamnunia siku mbili, nikakataa hata muthokoi wake wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nami nilipenda muthokoi kuliko chakula chochote. Shuleni walinicheka mpaka nikatamani kuhama. Susu hakunikaripia. Nadhani naye aliumia, maana jioni ile hakugusa katani.

Nilipoolewa alinipa kiondo hicho, mbaazi tele. Sasa naishi Syokimau, karibu na mji mkuu, na wiki jana marais walikuja tena. Barabara zilifungwa, nami nikaketi mbele ya televisheni nikajipata natafuta vyondo, mtu mzima na akili zangu! Sikuona hata kimoja. Wageni walipewa mabegi meusi ya kompyuta. Siku hizo hizo nilikuwa nimempelekea jirani mpya, mama kutoka Uganda asiyejua mtu hapa, mbaazi ndani ya kiondo cha susu. Jumapili akabisha mlangoni kukirudisha. Kilikuwa kimejaa matoke.

"Ni kidogo, dada, nisamehe," alisema. "Kwetu kikapu hakirudi bila kitu."

Nilimpigia susu papo hapo, machozi yakinitoka, nikamwomba msamaha wa siku ile, baada ya miaka yote hiyo. Yeye akauliza huyo mama ana watoto wangapi, atume mbaazi za kuwatosha.