Magadi ya Mwalimu wa Kemia

Tangu mwalimu wa kemia alipohama mwaka wa 1971, hakuna anayepiga mluzi maabarani, lakini Alfayo, mwalimu wa hesabu, bado hutega sikio. Aliionea wivu mikono ya mwenzake yenye chaki, iliyotwanga magadi ya mboga bila haraka. Siku moja mwalimu huyo wa kemia alilikamulia ndimu donge la magadi, likatoa povu kidogo; akaukamulia unga wa magadi aliyoyatwanga, povu likafurika mezani.

“Ni magadi yaleyale,” alisema. “Unga umejiweka wazi wote, donge limeficha moyo wake ndani.”

Bochaberi, mwalimu wa upishi, aliyekuwa akilizuia povu kwa viganja, akacheka. “Basi Mwalimu Alfayo ni donge! Kila Sabato ananisindikiza kutoka kanisani, na hajasema neno.”

Alfayo naye akacheka, huku akiitazama mikono ile ikimpangusa Bochaberi povu viganjani.

Sasa mwalimu yule wa kemia anafundisha kule Keumbu, na Bochaberi ndiye mke wake.