Betri Nilizozika

Miaka ile uchumi wa mji wetu wa Likasi ulipoanguka na betri zikaadimika, nilimwongoza porini mgeni aliyekuja kupima vilima vya upande wa Mulungwishi. Alikuwa na GPS mkononi ya kumwonyesha njia, nayo ilikula betri kama nzige shambani. Kila ikizima alizitoa, akisema, "Zimekufa." Mimi nikajitolea kuzizika. Kumbe nyumbani nilizianika kidogo juu ya bati la moto, zikafufuka ndani ya redio yangu na kuimba wiki nzima.

Siku moja akaniuliza afanyeje zidumu. Kiburi kikanipanda.

"Shefu, zima hiyo mashine. Njia zote miye niko najua."

Akaizima kweli! Wiki mbili sikupata hata maiti mmoja wa kuzika. Redio ikanyamaza.

Asubuhi iliyofuata nilimpoteza njia makusudi, mpaka akaiwasha GPS.