Vara Sabini na Tano Kufika kwa Ermelinda

Saa mbili asubuhi, jua la Managua limeshaanza kuchoma. Reyna Obregón amesimama nje ya duka la dawa mtaani Altagracia, mfuko wa barua begani. Mkononi ana bahasha iliyogongwa muhuri mara mbili: "Hayupo."

Anwani iliyoandikwa juu yake haina namba ya nyumba. Inasema: kutoka kilipokuwa kinu cha kusagia nafaka cha Doña Tomasa, kona mbili kuelekea ziwani, kisha vara 75 juu.

Kinu hicho kiliangushwa na tetemeko la mwaka 1972, na mahali pake ndipo lilipo duka la dawa. Kwa wenyeji, juu ni upande wa mawio. Vara ni kipimo cha zamani cha sentimita themanini na nne, na Reyna anaibeba miguuni.

"Marehemu baba alikuwa mpima mashamba," anasema huku akianza kutembea. "Alilaza fimbo yake ya vara sakafuni, akaniambia nipige hatua za urefu wake mpaka mguu uzizoee. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Leo nina hamsini na tisa, mguu haujasahau."

Ni mwaka wake wa thelathini na moja wa kusambaza barua, kilomita kumi na mbili kwa siku, na viatu jozi nne kwa mwaka.

Barua hii aliiona jana jioni kwenye kikapu cha zinazorudishwa. Imetoka hospitali ya macho, na juu ya bahasha pameandikwa kwa wino mwekundu: mgonjwa afike Ijumaa saa moja asubuhi. Leo ni Alhamisi.

Mwenzake wa pikipiki, Bayardo Téllez, alikuwa ameshafika huko mara mbili akiongozwa na simu. Alikuta geti lenye kutu, nyumba tupu. Alimwambia Reyna asijisumbue, dunia nzima siku hizi inapima kwa mita.

"Dunia sawa," Reyna akamjibu. "Lakini huyu mama anakaa kwenye vara."

Sasa amemaliza kona mbili. Anageukia mawio na kuhesabu kwa sauti. Wauza matunda wanampisha njia. Mmoja anamtania kwamba akikosea hesabu arudi akanunue papai. Hacheki. Sabini na nne, sabini na tano. Geti lenye kutu liko mbele, mita kumi na mbili zaidi, pale simu, iliyohesabu mita sabini na tano, ilipomfikisha Bayardo. Reyna anasimama kwenye mlango mwembamba wa kijani.

Anabisha. Anabisha tena, kwa nguvu.

"Nani? Sioni vizuri, sema jina."

"Posta, mama. Unamjua Ermelinda Cuadra?"

"Ndiye mimi."

Ermelinda, mwenye miaka sabini na moja, alishona sare za shule maisha yake yote, mpaka mtoto wa jicho alipoyafunika macho yote mawili. Amesubiri upasuaji miaka miwili. Simu yake iliibiwa, na kwa vile amepanga chumba hicho miezi minne tu, majirani hawamjui kwa jina.

Reyna anamsomea barua palepale mlangoni. Akifika kwenye neno "Ijumaa", Ermelinda anamkamata mkono.

"Ijumaa ipi, mwanangu?"

"Kesho."

Mama huyo anaketi kizingitini, anacheka na kulia kwa pamoja. Reyna anajikuta naye akilia, barua nyingine ishirini na sita zikimngoja mfukoni.

Ermelinda alipasuliwa jicho la kwanza siku iliyofuata. Wiki tatu baadaye alikwenda posta mwenyewe, akamtazama Reyna usoni, akamwambia alimdhania mnene zaidi. Bayardo naye ameomba afundishwe hatua ya vara.

Mwakani Reyna anastaafu. Ana mpango wa kufungua kibanda cha wali na maharage kwenye kona ya nyumbani kwake, na hamu yake kubwa wala si wateja.

"Nataka watu waelekezane kwa jina langu," anasema, macho yakimng'aa. "Kutoka kwa Reyna, vara ishirini juu. Na nikishakufa, kibanda kikibomolewa, waseme: kutoka kilipokuwa cha Reyna."