Injini Iliyokataa Kunyamaza

Mimi ndiye niliyeifunga turbo kwenye gari la baba, na kwa muda mrefu nilijivunia kazi hiyo. Siku hizi mtu akinisifu nabadilisha mazungumzo.

Lilikuwa kamyoneti dogo, aina ya pikapu, lenye injini ya dizeli ya silinda nne. Baba aliliendesha miaka mingi kati ya Kasongo na Kabambare, akibeba watu, mpunga na mafuta ya mawese. Kwenye tambarare halikuwa na neno. Kwenye mlima lilihema kama mtu mwenye pumu, na abiria walishuka kusukuma. Vijana wa pikipiki walipita wakimuuliza baba kama analiuza kwa kilo. Alicheka nao, lakini akirudi nyumbani alikula kimya.

Mimi nilikuwa fundi, nina garaji ya mabati karibu na soko la Kasongo. Nikapata turbo iliyong'olewa kwenye basi dogo lililokufa huko Kindu. Nilikata bomba la moshi nikachomelea kipande cha kuishika, ili moshi unaotoka uizungushe, nayo isukume hewa zaidi ndani ya injini. Nikavuta kijibomba cha oili mpaka kwenye turbo, kwa sababu inazunguka kwa kasi ya ajabu na bila oili inaungua. Nikaongeza mazutu, yaani dizeli, kidogo kwenye pampu. Siku ya kwanza tulipanda mlima na magunia na abiria sita, na hakuna aliyeshuka. Baba alipiga honi mpaka juu kabisa, mtu mzima yule.

Nilimpa sharti moja tu. Akimaliza kupanda, asizime injini papo hapo. Aiache ingurume polepole, ahesabu mpaka mia mbili, turbo ipoe huku oili ikipita. Ukiizima ikiwa bado ya moto, oili inasimama na kuungulia humo humo.

Sharti hilo liligongana na jambo moja la baba. Hakuwahi kupita mbele ya matanga injini ikinguruma. Akiona watu wamekaa chini ya turubai, anazima hapo hapo, anavaa koti jeusi alilolitunza nyuma ya kiti, anashuka kutoa pole. Abiria wake walizoea. Na barabara ile haikukosa matanga, miaka ile hata hii. Baba alinijibu sawa, atahesabu. Kumbe kila nisipokuwapo aliendelea kuzima.

Siku moja tulikwenda pamoja kumlilia rafiki yake, shoferi mwenzake wa zamani, kwenye kijiji kilicho juu ya mlima mrefu. Tulipofika juu baba aliona watu, mkono wake ukaenda kwenye ufunguo. Nikamwambia ahesabu. Akazima.

Injini haikuzimika. Turbo ilikuwa imeharibika kwa kuzimwa mara nyingi ikiwa ya moto, na oili ilikuwa inavujia kwenye njia ya hewa. Injini ya dizeli ikipata oili huichoma kama mazutu, na ufunguo hauna kazi tena. Ilizidi kupandisha sauti, ikapiga kelele ambazo sijawahi kuzisikia kwenye gari lolote, moshi ukafunika matanga yote. Wanawake waliacha kulia. Mjane alitoka ameziba masikio. Baba aliugeuza ufunguo huku na huku. Nilifungua boneti, nikalinyakua koti lake jeusi, nikalisokomeza kwenye mdomo wa bomba la hewa mpaka injini ikakosa pumzi na kufa.

Kimya kikaja. Mimi nilikuwa bado na hasira, na sauti yangu ilikuwa bado inashindana na kelele zilizokwisha.

"Nilikuambia, papa. Unaua mashini juu ya heshima ya maiti. Maiti haisikie kitu."

Kila mtu alisikia. Baba aliliangalia koti lake lililochanika na kulowa oili.

"Maiti haisikie," alisema polepole. "Wenye wanabakia, wao njo wanasikia."

Akanipa ufunguo mbele ya watu wote, akaenda kukaa na wafiwa bila koti. Hakuendesha tena.

Nilitengeneza injini, nikafunga turbo nyingine, nikaendesha mwenyewe. Mbele ya kila matanga nilihesabu mpaka mia mbili, kichwa juu, kama fundi anayejua kazi yake. Jioni baba aliniuliza nani amezaa, nani amefariki huko njiani. Habari za gari hakuuliza. Nilitaka kumwomba msamaha, na kila siku nilijiambia kesho. Mwishowe nikamnunulia koti jipya, nikadhani litasema kwa niaba yangu. Alishukuru, akalitundika ukutani, asilivae hata mara moja. Mimi nikanuna. Ukaidi nilirithi kwake, upole wake sikuupata.

Alifariki wakati wa mvua, hospitalini Kasongo, baada ya homa ya siku chache. Mama alikuwa kijijini kwetu, upande wa Kabambare, kwenye mavuno, na habari alizipata kwa simu. Neno langu la msamaha lilibaki mdomoni na liko hapo mpaka leo.

Nilimpeleka kijijini kwa gari lile lile, amevishwa lile koti jipya. Kijiji chetu nacho kiko juu ya mlima. Turbo ilivuta vizuri, hakuna aliyeshuka kusukuma, na kwa mara ya kwanza niliichukia. Tulipofika, watu walikuwa wamekaa chini ya turubai. Mama alisimama. Niliona mdomo wake umefunguka, lakini kwa mngurumo wa injini sikusikia kitu. Mkono wangu ulikuwa kwenye ufunguo nami nilikuwa nahesabu. Nilikuwa nimefika kumi na saba.

Nikazima. Ndipo nikamsikia mama.